Watani wa Mzee Otto

Kwa miaka miwili Mzee Otto Mapunda alijificha ndani ya salamu, na hakuna mtu wa Matogoro, mtaani kwake Songea, aliyemshtukia. Ukipita barazani kwake ukamwamkia, alikujibu kama alivyokuwa akiwajibu watu maisha yake yote: "Marahaba, marahaba. Hamjambo huko? Watoto wazima? Mvua imewafikia?" Maswali hayo hayakumtaka amjue mtu. Kila mtu ana huko kwake, karibu kila mtu ana watoto, na mvua ama imemfikia ama bado. Watu waliondoka wakisema mzee yuko imara. Iko miji duniani ambako salamu ni kutikisa kichwa tu na kupita. Huko angegundulika ndani ya wiki moja. Songea salamu ni ndefu, na mtu anaweza kupotelea humo huku kila anayempita akimwona mzima.

Hata binti yake, Imaculata, hakuona. Alikuwa fundi cherehani kwenye kibaraza cha duka moja Mfaranyaki, na kila Jumapili baada ya misa alipanda bodaboda kwenda kumwona baba yake. Alimwamkia, akaitikiwa, akaulizwa habari za watoto na mvua, akapika, akaondoka ameridhika. Mpaka Jumapili moja ya mwezi wa sita, baridi ikiwa kali, aliingia sebuleni na kikapu mkononi, na baba yake akainuka kwenye kiti, akavua kofia, akasema kwa adabu:

"Shikamoo, mama."

Imaculata alisubiri acheke. Hakucheka. Mzee wa miaka sabini na minane alikuwa amemwamkia mtoto aliyemzaa mwenyewe, na alikuwa amesimama akingoja kuitikiwa. Marahaba haikumtoka Imaculata. Alisema tu, "Kaa, baba. Kaa." Na baba yake akakaa mara moja, kwa utii uliomuumiza kuliko ile shikamoo.

Mwezi haukuisha kabla hajahamishia cherehani yake Matogoro.

Alikuwa na miaka arobaini na saba wakati huo. Kushona alifundishwa na masista. Akaolewa Mbinga na dereva wa lori la kahawa, akaishi huko miaka kumi na sita, akarudi Songea mjane. Watoto wake wawili walikwisha kuwa watu wazima, mmoja yuko Njombe, mwingine Mbeya. Mafundi wenzake wa Mfaranyaki walimfahamu kwa jambo moja: hakuwahi kumkabidhi mteja nguo yenye kasoro. Gauni la kwanza la harusi aliloshona alilifumua mara tatu, na mara ya tatu bibi harusi mwenyewe alimsihi aliache lilivyo. Alikataa. "Kasoro naijua mimi," alisema, "na nitakuwa nimeketi kanisani naitazama."

Kwa moyo huohuo alimpeleka baba yake hospitalini, akarudi naye tena, akampeleka mji mwingine kupigwa picha ya kichwa, mpaka akaambiwa jina la ugonjwa: Alzaima. Majirani walikuwa na majina yao. Wengine walisema uzee, wengine walisema kuna mkono wa mtu. Muuguzi wa kliniki, dada mmoja mpole anayeitwa Agape, alimkalisha kwenye benchi akamwambia bila kuzunguka.

"Hii haiponi, dada Imaculata. Vidonge vitasaidia kidogo, pengine. Nikikwambia inapona nitakuwa nakudanganya."

"Basi nifanye nini?"

"Mtulize. Nyimbo anazozipenda, kumkanda mikono, kutembea naye asubuhi, kumpa kazi ya mikono aliyoizoea. Hayo hayaponyi. Lakini mtu aliyetulia anakula na anakubali kuoga, na akila na kuoga utakaa naye muda mrefu. Na watu wakikuletea dawa za miti, usigombane nao. Niletee nione kwanza."

Watu walileta. Bakili, kijana wa bodaboda aliyezoea kumbeba, alileta unga wa majani ya mlonge na habbat soda kutoka kwa mama yake Nalasi, huko Tunduru kwenye mikorosho yao. "Mama anasema kijiko kimoja kwenye uji, dada Ima, na bismillahi," alisema. Agape alinusa, akasema mlonge ni mboga, ampe kama mboga. Akina mama wa jumuiya walikuja na rozari, na Mzee Otto aliitikia sala zote bila kukosea hata neno, jambo lililowaliza baadhi yao. Imaculata alichemsha mchaichai kwenye mafuta ya nazi akawa anamkanda viganja. Alimtafutia kipande cha mninga na msasa, maana mzee alikuwa seremala miaka hamsini, na kuanzia siku hiyo alikisugua kile kipande tangu asubuhi hadi mchana, akakinusa, akakisugua tena. Mahangaiko yaliyokuwa yakimpata jioni yalipungua. Usingizi ukarudi.

Lakini kula hakula, na kuoga hakuoga.

Kuoga kulikuwa na sababu iliyo wazi. Binti hamwogeshi baba yake. Hilo Imaculata hakuhitaji kuambiwa. Alimtafuta mwanamume wa kumsaidia, na mzee akamchukulia kuwa mwizi, akamrushia ndoo. Sababu ya kukataa kula ndiyo iliyomchukua muda mrefu kuielewa. Alimwandalia kama baba anavyoandaliwa: sahani nzuri ya kabatini, maji ya kunawa, yeye amepiga magoti na beseni mkononi. Baba yake alitazama chakula, akatabasamu, akasema, "Ahsanteni sana. Tumekula huko tulikotoka." Kila siku. Nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, milango aliyoiranda mwenyewe, yeye aliiona ni ya watu wengine. Alikuwa mgeni, tena mgeni mwenye adabu, na mgeni mwenye adabu hakimbilii sahani. Kadiri Imaculata alivyozidisha heshima, ndivyo baba yake alivyozidi kuwa mgeni.

Fundi hapimi kwa macho tu. Kila Jumamosi alimzungushia baba yake futi ya kitambaa kiunoni. Mwezi wa saba ilikuwa inchi thelathini na nne. Mwezi wa kumi, thelathini na mbili. Alizipunguza suruali zake mara ya kwanza, kisha mara ya pili.

Krismasi alikuja kaka yake, Edwin, kutoka Dodoma. Edwin hakuwa mtu mbaya. Alimpenda baba yake, na kwa kuwa alikuwa mbali alimpenda kwa haraka, kama mtu anayetaka kulipia siku zote kwa siku moja. Mwezi wa kumi na moja alikuwa ametuma kwa basi chupa ya dawa kutoka kambi ya mtabibu mmoja aliyesemekana anaosha ubongo. Imaculata, kwa kumheshimu kaka yake, alimnywesha mzee kabla ya kuipeleka kwa Agape. Hilo ndilo kosa alilojilaumu kwalo kuliko yote. Mzee aliharisha siku tatu, na ile futi ikasoma thelathini.

"Ni uchafu ulikuwa unatoka," Edwin alisema walipokaa wawili jikoni. "Mtabibu aliniambia itakuwa hivyo. Mimi namchukua, Ima. Akakae kule kambini miezi mitatu, ndugu hawaruhusiwi kumwona, dawa ifanye kazi. Wewe umejitahidi. Lakini mtazame. Amebaki mifupa."

"Kaka, kule atakuwa mgeni zaidi."

"Hapa ni mgeni vilevile. Mwenyewe umesema."

Imaculata alimaliza kumenya kiazi, akaweka kisu chini.

"Nipe mpaka Jumamosi ya baada ya Pasaka. Utakuja, utampima kiuno wewe mwenyewe. Ikisoma chini ya thelathini, mchukue, sitasema neno. Ikisoma thelathini au zaidi, anabaki, na chupa nyingine haiingii humu."

Edwin akauliza, "Na ukishindwa hutalia?"

"Nitalia. Lakini utamchukua."

Mwezi wa kwanza ulianza vibaya. Sasa mzee alikuwa anakunywa uji tu, tena nusu kikombe. Imaculata alijaribu nyimbo za kwaya, alijaribu ngoma ya lizombe kwenye simu, na mzee alipiga mguu chini kufuata ngoma, akafurahi, halafu akasema amekula huko alikotoka.

Kisha Ramson Kikoti akarudi. Alikuwa Mhehe wa Kilolo, bwana misitu mstaafu, aliyehamishiwa Songea enzi za ujana wake akaishia kujenga Matogoro. Miaka thelathini alikuwa akikagua mbao za Mzee Otto, na miaka thelathini walikuwa wakitukanana, kama Mngoni na Mhehe, watani wa jadi, wanavyotakiwa. Miaka miwili ya mwisho alikuwa Kilolo kwenye mashamba yake. Alisikia habari ya ugonjwa siku aliyofika, na asubuhi yake alikuwa getini.

"Hodi humu. Nasikia kuna Mngoni anaoza humu ndani."

Imaculata alitoka mbio, kidole mdomoni. "Shikamoo, mzee Kikoti. Baba anaumwa. Siku hizi hatumpigii kelele."

"Marahaba. Kwani ni kelele iliyomuumiza?"

Alimpita, akaenda barazani, akavuta kigoda akakaa mbele ya Mzee Otto. Hakumsalimia. Hakumwambia pole. Alimtazama juu mpaka chini.

"Wewe Mngoni," alisema. "Zile ngao mlizotupa mkiwakimbia babu zangu, kwetu mpaka leo tunafunikia vyungu. Sasa vyungu vimeongezeka. Nimekuja kuuliza kama mnazo nyingine."

Mkono wenye msasa ulisimama juu ya mninga. Imaculata, aliyekuwa mlangoni, alitaka kumwomba Ramson aache. Baba yake aliinua uso.

"Babu yako yupi?" alisema Mzee Otto. "Yule aliyemla mbwa wake wa kuwinda, halafu akaingia porini anabweka mwenyewe?"

Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizotamka kwa miezi mingi, na haikuwa salamu wala sala. Ilikuwa yake. Imaculata alishika fremu ya mlango.

"Huyohuyo," Ramson alisema, bila kucheka. "Na kwa kubweka kwake alikamata Wangoni wawili."

"Hao walikuwa wamelewa."

"Mngoni hajawahi kukamatwa akiwa hajalewa. Mama, huyu mnamlisha nini? Mimi nina njaa."

Imaculata alileta ugali na dagaa wa Nyasa, sahani mbili. Kabla hajaweka beseni la kunawia, Ramson alikwisha kunawa kwenye ndoo na kuingiza mkono kwenye sahani ya Mzee Otto. Alichota tonge kubwa, akachovya, akala.

"Mwizi huyu," alisema Mzee Otto, akaivuta sahani kifuani.

"Huli, unaitunza ya nini?"

"Nani kakwambia sili?" Na akala. Ramson aliinyatia sahani mara mbili zaidi, na kila mara mzee alikula haraka zaidi, akimkazia macho, mpaka sahani ikabaki nyeupe.

Ramson hakuishia hapo. Alinusa hewa, akakunja uso. "Sasa sikiliza, Mngoni. Siku ukifa, mimi ndiye nitakayelala kaburini mwako mpaka ndugu zako wanitoe kwa pombe. Ni haki yangu ya utani. Lakini silali kwenye kaburi la mtu anayenuka namna hii. Twende ukaoge."

"Utatangulia wewe. Mhehe hamalizi baridi tatu za Songea."

"Basi twende tuone nani anaogopa maji."

Walikwenda. Kutoka bafuni Imaculata alisikia maji yakimwagika na wazee wawili wakitukaniana mababu. Alikaa kwenye ngazi ya jikoni, mikono mapajani. Alikuwa amemlinda baba yake asisikie neno baya, na hayo maneno mabaya ndiyo aliyokuwa akiyangoja.

Alipomsimulia Agape, muuguzi alicheka kwanza, kisha akafikiri.

"Salamu anaitikia kwa mazoea, haimtaki afikiri," alisema. "Utani unamtaka ajibu. Tena ameutumia tangu ujana, umekaa ndani sana. Hakuna kitabu kilichonifundisha hiki, dada. Endelea nacho. Ila mwangalie usoni. Akianza kuumia, acha."

Ramson aliweza kuja siku tatu kwa wiki, maana mkewe alikuwa mwalimu na siku nyingine kazi za nyumbani zilikuwa zake Ramson. Siku nne zilizobaki mzee alirudi kuwa mgeni mwenye adabu. Imaculata akamgeukia Bakili.

"Wewe si Myao? Wayao na Wangoni si watani?"

"Ni watani, dada Ima. Lakini mimi yule mzee namwamkia. Nitamtukanaje mtu rika la babu yangu?"

"Mtukane kidogo. Utazoea."

"Mungu anisamehe," alisema Bakili.

Mara ya kwanza alisimama barazani, helmeti mkononi kama mtu aliyeitwa ofisini. "Shikamoo, babu," alisema, kisha akajirekebisha, "yaani, Mngoni." Mzee Otto aliitikia marahaba, akamuuliza mvua. Bakili alimtazama Imaculata. Imaculata alimwashiria aendelee. Bakili akavuta pumzi.

"Ninyi Wangoni mlikuja Tunduru kuiba wake zetu, mkashindwa kuwatunza, wakarudi nyumbani kwa miguu."

"Tuliwarudisha sisi," alisema Mzee Otto. "Walitaka korosho asubuhi, mchana na jioni."

Bakili alicheka mpaka akaketi chini. Kuanzia siku hiyo alikuja Jumatatu na Alhamisi, alhamdulillahi, na korosho mfukoni za kumchokozea mzee.

Zilibaki siku mbili, na siku hizo mbili zilikuwa za Imaculata mwenyewe. Alijaribu. Jumapili moja aliweka sahani mezani bila kupiga magoti, akasema, "Wewe Mngoni, kula." Baba yake alimtazama kwa mshangao, akaisukuma sahani taratibu.

"Mama," alisema, "watoto wako wanakusikia ukisema na wageni hivyo?"

Ilimchoma, kwa sababu mzee alikuwa na haki. Mngoni hamtanii Mngoni, na mwenye nyumba hamtukani mgeni wake. Alilala na jambo hilo usiku mmoja, na kulipokucha alikuwa na mpango. Miaka kumi na sita alikuwa mke wa Mmatengo. Kila tusi ambalo Wamatengo wanalo juu ya Wangoni alikuwa amelisikia jikoni kwa wakwe zake, likielekezwa kwake, na alikuwa amejifunza kulipokea huku anacheka. Yote yalikuwa bado kichwani.

Alitokea mlango wa nyuma, akazunguka nyumba, akabadilisha kanga aliyojifunga, akafika getini kama mtu anayetoka safarini. Hapo alisimama. Akiingia hivi, hataitwa mwanangu. Mara mojamoja, asubuhi, neno hilo lilikuwa bado linamtoka baba yake, bila kutarajiwa, na yeye alikuwa akilingojea kutwa nzima. Mwanamke atakayeingia kwa geti hili hawezi kulingojea. Alisubiri mpaka pumzi yake ikatulia, akabisha.

"Hodi. Mimi Mmatengo, natoka Mbinga. Njaa inaniuma, na nimeambiwa hapa kuna Mngoni mchoyo."

Mzee Otto aligeuka.

"Nyie mnalima tambarare," aliendelea Imaculata, akivuta kiti, "kwa sababu mkipanda mlimani mnabingirika. Sisi tunalima milima yote mpaka kileleni. Njoo uone mashimo yetu ya ngoro yalivyojipanga."

"Yale si mashamba," alisema baba yake. Macho yake yaling'aa. "Yale mliyachimba kutukimbia sisi. Tulipoondoka mkaona aibu, mkapanda maharage."

Imaculata alicheka kicheko cha kweli, kilichomshtua mwenyewe. Alinyoosha mkono kwenye sahani, na baba yake akampiga kofi dogo la kiganjani, akaanza kula.

Ndivyo walivyoingia Kwaresma, wakaimaliza. Siku mbaya zilikuwepo. Siku nyingine Ramson alitukana mababu wote wa ukoo wa Mapunda na mzee akabaki anasugua mbao. Siku nyingine alilia, na Bakili akaacha utani, akamshika mkono, wakakaa. Imaculata alijifunza kuusoma uso wa baba yake kama alivyosoma kitambaa kabla ya kutia mkasi: huu leo unavutika, huu leo utachanika. Unga wa mlonge ukaendelea kwenye uji, mafuta ya mchaichai viganjani, msasa asubuhi. Suruali hakuipunguza tena. Futi aliifungia kabatini, aliogopa kuichungulia.

Jumamosi ya baada ya Pasaka Edwin aliegesha gari getini, siti ya nyuma ameitandika blanketi na mito miwili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko? Mvua imewafikia?"

Uso wa Edwin ulifunguka. "Unaona? Ananijua."

Mama muuza ndizi alipita nje, akaamkia kwa sauti. "Marahaba, mwanangu," alisema Mzee Otto. "Hamjambo huko? Mvua imewafikia?" Edwin alimtazama yule mama mpaka alipopotea kwenye kona.

Ramson alifika saa nne, na Edwin alisikiliza mazungumzo ya barazani akiwa hajui auweke wapi uso wake. Baba yake, ambaye hakumtambua mwanawe wa kwanza, alikuwa anamweleza Mhehe kwa ufasaha kwa nini ulanzi, ile pombe ya mianzi ya kwao Wahehe, ni kinywaji cha watu wasio na meno. Edwin alimvuta Ramson pembeni, na Imaculata akawasikia kutoka dirishani.

"Mzee Kikoti, wewe anakusikiliza. Ungemtania kidogo mpaka aingie garini."

"Hapana."

"Ni kwa faida yake."

"Mimi namtania, Edwin. Simdanganyi."

"Pana tofauti gani? Si anaoga kwa sababu umemchokoza?"

"Anaoga huku ananijibu. Akinyamaza, naacha. Wewe unataka nimtie humo garini, kisha huko aendako amtanie nani?"

Edwin alirudi jikoni. Imaculata alikuwa amekwisha kuitoa futi kabatini. Alimpa.

"Pima wewe. Mimi nitakaa kule."

Edwin alipiga magoti mbele ya baba yake, akazungusha mikono nyuma ya kiuno chake kuitafuta ncha ya futi, na kwa kuwa hakuwa fundi ilimbidi amkumbatie mzee kabisa, shavu likiwa kwenye shati lake. Alikaa hapo muda mrefu kuliko futi ilivyohitaji. Mzee Otto alimtazama kichwani, akampigapiga begani.

"Fundi, usibane sana," alisema. "Acha nafasi. Leo kuna dagaa."

"Soma kwa sauti, kaka," alisema Imaculata kutoka mlangoni.

Edwin alisoma. Akaifungua futi, akapima upya, akasoma tena. "Thelathini na moja," alisema. Kisha, bado yuko magotini, "Na mimi nifanye nini, Ima? Mimi si mtani wake."

"Wewe ni mtoto wa kiume. Unaruhusiwa kumwogesha. Kaa siku tatu nikufundishe maji yawe ya moto kiasi gani."

Alikaa siku nne. Siku ya pili mzee alimwita mwizi, siku ya tatu alimwita fundi, siku ya nne hakumwita kitu, ila alimgeuzia mgongo ausugue. Edwin alirudi Dodoma na mito yake miwili. Alipofika alipiga simu kuuliza mzee amekula nini, na kesho yake akapiga tena.

Imaculata hakujidanganya kuwa ameshinda. Agape alikuwa amemwambia wazi kwamba siku itafika utani utarushwa na hautarudi, na kwamba siku hiyo haitatangazwa. Kwa hiyo haikufaa kukaa bure. Mavuno yalikuwa yanakaribia, na Ramson angekwenda Kilolo miezi miwili. Siku tatu kwa wiki zingebaki wazi. Asubuhi aliyosikia tarehe ya safari yake alimwachia Bakili zamu, akajifunga kanga, akapanda mpaka kwenye nyumba za walimu, akaanza kubisha mlango mmoja baada ya mwingine, akiuliza kabila la kila aliyefungua.

Mlango wa tano ulifunguliwa na mwanamume wa makamo mwenye chaki kwenye mkono wa shati, aliyehamia muhula huo. Alijitambulisha kwa jina la mwalimu Pankrasi.

"Habari za asubuhi, mwalimu. Samahani, wewe ni mtu wa wapi?"

"Mahenge. Mpogoro. Kuna nini, mama?"

Wapogoro na Wangoni ni watani wa tangu na tangu. Imaculata alishusha pumzi.

"Natafuta mtu wa kumtukana baba yangu," alisema. "Jumanne, Jumatano na Jumamosi."

Mwalimu Pankrasi alimtazama kwa makini. "Amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Ni Mngoni."

"Ah," alisema mwalimu, akageuka kuchukua kofia yake. "Hilo linatosha. Twende."